Unangoja Mvua Gani Juu ya Paa Hili?

Ipo siku moja ya mwezi wa pili ambayo kila nikiikumbuka damu hunichemka upya, na leo nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana nilikukuta juu ya paa umeshika mkasi. Ulikuwa umeinamia ndoo ya kunde, umeshakata shina la kwanza, unaimba. Nilikunyang'anya mkasi bila salamu wala sababu, nikashuka ngazi, nikakuacha umeduwaa. Halikuwa tendo la adabu. Mtu akizuiwa jambo ana haki ya kuambiwa kwa nini, na haki hiyo ndiyo ninayokutimizia sasa, ingawa hasira haijapoa na sina nia ya kuificha.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua miaka niliyokuzidi haitoshi kunifanya mama yako. Lakini hapa ugenini mvi si kipimo. Mkubwa ni yule aliyetangulia kupitia majira ya joto akabaki na akili zake. Mimi nimeyapitia mara nyingi. Wewe bado hujayaona hata kwa mbali, ndiyo maana unaimba.

Mwezi wa pili hapa Dubai ni mwezi mdanganyifu. Asubuhi kuna ubaridi mtamu unaokukumbusha nyanda za juu za kwetu. Ukipita mtaa wa Marina unaona kingo za barabara zimejaa maua ya petunia, zambarau na nyeupe, zimepangwa kwa mistari kama zulia, na mgeni akiziona hudhani mwaka ndio kwanza unafunguka. Kumbe hizo ni wiki za mwisho za huruma kabla ya jua kuja kuchukua chake. Ifikapo mwezi wa tano petunia zote zimekuwa majivu, na wale waliozipanda wametumwa kuzing'oa.

Miaka hiyo nilikuwa kama wewe. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya ualimu, nikapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Marina, nikapewa kitanda katika jengo hili hili la wafanyakazi, hapa Al Qusais. Wenzangu waliniita Mwalimu, mara chache kwa heshima, mara nyingi kwa utani. Nami nilistahili utani huo, kwani niliamini hakuna dhuluma duniani ambayo haiwezi kukomeshwa kwa maneno yaliyopangwa vizuri.

Juu ya paa hili, wakati huo, kulikuwa na bustani ya Mama Nekesa. Alikuwa mtu wa Bungoma, mfanyakazi wa udobi katika hoteli yetu, mwanamke mpana wa mabega aliyezoea kukunja shuka za watu asiowajua. Hakuwa mpole. Wengi hupenda kuwasimulia wazee kana kwamba wote walikuwa asali. Huyu alikuwa pilipili. Bustani yake ilikuwa ndoo za rangi zilizotobolewa chini, madebe ya mafuta ya kupikia, na masanduku meupe ya povu yaliyotupwa na wauza samaki. Majira ya joto alikinga maji yanayotona kutoka kwenye viyoyozi. Viyoyozi vikizimwa, alituamuru tumpelekee maji tuliyooshea mchele, na ole wako umwage maji ya mchele kwenye sinki akuone.

Alipanda kunde, mchicha na mrenda, na katika ndoo zilizokaa karibu na ukuta, penye kivuli cha alasiri, alipanda saga. Saga ni ile mboga chungu ambayo vitabuni huitwa mgagani. Kwao huloweshwa katika maziwa usiku kucha ili uchungu ulegee. Mama Nekesa alitumia laban, mtindi wa dukani, akanung'unika kwamba laban haina akili ya maziwa ya kwao, lakini akaitumia. Siku zetu za mapumziko aliipika, akatuita. Baada ya juma zima la wali na dengu za kantini, tulikula bila kuzungumza. Kulikuwa na mwenzetu wa chumbani, Mwanaisha, mtoto wa Mombasa, ambaye mboga hizo za bara alizikodolea macho kwa shaka hadi alipozionja. Yeye alilia shida ya maua: alitaka rihani ya kuweka kwenye nywele siku ya Idi. Mama Nekesa alimtengea debe zima la rihani. Kwa hiyo usije ukadhani mama yule alikuwa adui wa maua. Nitakuambia alikuwa adui wa nini.

Alikuwa na sheria moja. Katika kila ndoo, shina moja, lile lililo bora kuliko yote, halichumwi. Lingeachwa lirefuke, litoe maua, lizae maganda, likauke lilipo, ili mbegu zake zipatikane kabla ya joto, zilale majira yote ya joto ndani ya chupa, zipandwe jua litakapolegea. Akiba haiozi, alisema, lakini ni lazima kwanza ulinyime tumbo lako. Basi mwezi wa pili bustani yake ilikuwa na sura mbaya mno. Mashina ya mbegu yalisimama marefu, yamepinda, yamepauka, maganda yananing'inia kama kucha. Mpita njia angeona uchafu. Mwaka ule, zaidi ya hayo, chupa yake ya mbegu ilikuwa imeingia unyevu, akaamua kupanda zote asibakize hata punje. Tulilijua jambo hilo sote kwa sababu alilisema sana. Saga yote aliyokuwa nayo katika nchi hii ilikuwa imesimama juu ya paa, inakauka taratibu, inangoja kukamilika.

Ndipo msimamizi wa makazi, tuliyezoea kumwita sir, akatangaza kwamba wakubwa wa kampuni watazuru majengo ya wafanyakazi kuona lipi lina mandhari nzuri zaidi. Picha zitapigwa. Jengo litakaloshinda litapewa kikombe. Kwa miaka yote hatukuwahi kuletewa na kampuni hata ua moja. Taa ya ngazini iliungua tukapapasa kwa miezi, na hakuna aliyeizuru. Sasa likaja lori la hoteli limebeba petunia katika vyungu vya plastiki, za kuazima. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtu aliyekabidhiwa paa alikuwa Collins, kijana wa Kitale, mlinzi katika mnara mmoja wa Marina, mtu wa kucheka na kila mtu. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Mimi na Mama Nekesa tulikuwa kazini, tukarudi pamoja alasiri kwa basi la kampuni, tumechoka, tukapanda moja kwa moja juu kwa sababu yeye alitaka kugusa maganda ya saga kuona kama yameanza kugeuka manjano.

Paa lilikuwa limefagiliwa. Petunia zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, na zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ndoo zilikuwa zimechomekwa moja ndani ya nyingine kwenye kona, tupu. Hata debe la rihani lilikuwa halipo. Collins alisimama katikati na suruali iliyopigwa pasi, pamoja na wenzetu kadhaa waliomsaidia, wote wanatabasamu wakitungoja tusifu.

Mimi ndiye niliyeanza. Mwanangu, nilizungumza. Nilimwambia Collins kwamba amekuwa mtumwa wa picha. Nikasema juu ya utu wa mfanyakazi, na juu ya wakubwa wanaotaka kuona maua mahali ambapo hawajali kama watu wamekula. Nikanukuu methali, nikainua mkono. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na nilijisikia nikisema. Wengine wakainamisha vichwa. Nyuma yangu nikamsikia Mwanaisha akinong'ona, "Mwalimu kashaingia darasani, tafuteni pa kukaa," na mtu akacheka, nikaongeza sauti.

Mama Nekesa alitembea hadi penye ukuta, akaangalia mahali ndoo za saga zilipokuwa zimeacha duara kwenye sakafu, kisha akamgeukia Collins.

"Mashina mmeyatupa wapi?"

Collins akasema chini, kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya jengo. Mama Nekesa akaanza kuelekea ngazini. Aliponipita mimi, mkono wangu ukiwa bado hewani, alisimama. Sijasahau uso wake. Nilidhani angenishukuru kwa kumtetea.

"Gari la taka linapita jioni hii," akasema. "Wewe umesimama hapa unamhubiria mtu, mbegu ziko jalalani. Hasira yako ina mdomo mkubwa na haina mikono. Maliza hotuba. Ukimaliza, unikute chini."

Nilihisi nimechapwa kofi mbele ya darasa langu mwenyewe. Nilishuka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuliinama. Pipa lenyewe unalijua, lile la chuma linalomfika mtu kifuani. Tuliuvuta mlango wake wa pembeni, tukaingiza mikono hadi mabegani, tukiwa bado na sare za hoteli, mimi na ile skafu ya mapokezi shingoni. Mashina yalikuwa chini, juu yake kumemwagwa mabaki ya kantini. Wali uliochacha. Dengu. Mama Nekesa aliyatoa mashina moja moja kwa uangalifu, akiyatikisa mbali na mchuzi, akiyatenganisha: kunde huku, mrenda huku. Ya saga aliyaweka juu ya kitambaa alichovua kichwani. Alikuwa anahema kwa hasira, wala hakujaribu kuwa mtakatifu. Alitukana kwa lugha ya kwao, kwa kirefu, na sikuhitaji mkalimani.

Magari ya wakubwa yakafika tukiwa katika hali hiyo. Sir akatoka mbio kwenye mlango wa nyuma, jasho limemtoka, akatuona, akasimama kana kwamba ameona maiti wawili.

"Mama, khalas. Yalla, ondokeni hapa. Wageni wamefika."

Hakuwa mtu mbaya kwa tabia, na kibali chake cha kuishi hapa, kama chetu, kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Hilo nalifahamu sasa. Wakati ule niliona tu viatu vyake vilivyong'aa. Mama Nekesa hakuinua kichwa.

"Sir," akasema, "si wageni wamekuja kuona bustani? Bustani ndiyo hii."

Wakubwa walipita hatua chache kutoka tulipokuwa. Walikuwa wanazungumza juu ya jambo lingine. Hakuna aliyegeuza shingo. Mwanamke mmoja miongoni mwao alijifunika pua, akaingia kwenye lifti. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Wageni wale walipanda juu, wakapigwa picha katikati ya petunia, wakashuka, wakaondoka. Mpaka leo sijui kama walituona, na hicho ndicho kinachonichoma kuliko kama wangetufukuza.

Walipokwisha kwenda, Collins akashuka. Alivua shati lake, akaingia upande wa pili wa pipa, akaanza kuchambua bila kuambiwa. Kisha Mama Nekesa akamuuliza, kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha kuliko matusi, kwamba alipokata shina la kwanza alikuwa anawaza nini. Je, hakuwa amekula saga ile juma lililopita, akaomba aongezwe?

Collins alitikisa shina lililolowa mchuzi. "Mathe, sikufanya kwa sababu ya picha peke yake," akasema. "Niliona yamekauka. Kwetu mwezi huu ndio wa kusafisha shamba. Unaondoa mabua yote, unachoma, unangoja mvua za mwezi wa tatu upande upya. Nilidhani nakusaidia."

Naye alisema kweli. Nami nilitoka katika nchi hiyo hiyo. Mwezi wa pili baba yangu pia alisafisha shamba. Mikono ya Collins ilikumbuka tu kile ilichofundishwa utotoni. Dalili ya mvua ni mawingu, na sisi tuliokulia kwenye mvua tunayabeba mawingu yetu kichwani popote tuendapo.

Mama Nekesa alisimama wima, kwa mara ya kwanza tangu alipoinama. Mikono yake ilikuwa na dengu hadi kwenye viwiko.

"Mvua gani, Collins?"

Collins akainamia mashina.

"Nakuuliza. Unangoja mvua gani hapa? Ya nani? Hapa kinachokuja ni moto. Kile ambacho hujakiweka kabla ya moto, huna. Mko hapa mnaishi kama watu wanaongoja mvua ya kwao iwafuate Dubai. Mnakata kila kitu. Mnasema tutapanda tena. Tutapanda na nini?"

Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwacha mmoja akadhani amesalimika. "Na wewe, Mwalimu, unajua kusema vizuri. Asubuhi uliniona nikienda kazini nikasema leo kuna kusafisha juu, naogopa. Ulikuwa unajipaka rangi ya mdomo. Ulisema, Mama, usijali, nitaongea nao." Akainama tena. "Umeongea nao."

Maneno matupu hayavunji mfupa.

Tulipandisha mashina chumbani, tukayatandaza juu ya shuka kuukuu chini ya vitanda, yakakauka kivulini. Mwanaisha, aliyekuwa ameomboleza rihani yake kwa sauti kubwa, ndiye aliyetoa shuka hiyo. Kunde nyingi zilikuwa zimeshakomaa, tulizipata. Mrenda tuliupata. Saga ilikuwa imekatwa mapema mno. Maganda yalikuwa bado mabichi, yakanyauka, na mbegu ndani zikabaki hafifu kama vumbi. Mama Nekesa alizipepeta hata hivyo, akazihifadhi majira yote ya joto, na jua lilipolegea akazipanda zote katika ndoo zile zile karibu na ukuta. Alizinywesha maji ya mchele. Alizifunika kwa kiroba asubuhi na kuzifunua jioni. Hazikuota.

Petunia? Lori lilikuja kesho yake asubuhi, likazirudisha Marina. Zilikaa juu ya paa hili usiku mmoja. Tulipewa kikombe, kimo ofisini kwa msimamizi mpaka leo, kimejaa kalamu.

Mama Nekesa alimaliza mkataba, akarudi Bungoma, bila kuonja tena saga juu ya paa hili. Collins ndiye aliyembebea mizigo hadi uwanja wa ndege, na kabla hajaondoka alijifunza kutoka kwake kila alichojua kuhusu ndoo na mbegu. Naye alipohamia kazi nyingine, aliniachia mimi chupa. Kunde uliyoikata jana, mwanangu, ni kizazi cha kunde tuliyoitoa kwenye pipa. Ndoo za saga nimezipanda kunde vilevile. Sikutaka kumbukumbu, nilitaka mboga.

Sasa sikiliza, kwa maana sikukuita hapa unisikitikie.

Nimesikia wageni wanakuja tena, na maua ya kuazima yatakuja tena. Yaache yaje. Ua halijakukosea lolote. Panda la kwako, kama Mwanaisha, debe la rihani unaloliomba na kulinywesha mwenyewe. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Atakayekuamuru ukate kinachokulisha ili apate picha ya kinachompendeza, mwambie hapana ukiwa umesimama mbele ya ndoo, kabla ya kukata, tena asubuhi. Kukataa jioni, mkasi ukiwa umeshapita, ni maombolezo tu. Wala usinipe udhuru kwamba ulizoea hivyo nyumbani. Nyumbani ni nyumbani. Jifunze majira ya mahali nyayo zako zilipo, maana ujana wako hapa ni huu mwezi wa pili, unavutia, una ubaridi, na moto uko njiani. Kila mwaka acha shina moja usilile, lile zuri kabisa, na uvumilie sura yake likikauka. Watakuambia ni uchafu. Na ukiona dhuluma, kasirika. Hasira hasara, wanasema, nami nawaambia hasara kubwa zaidi ni kuizoea dhuluma. Ila ukikasirika, angalia kwanza mikono yako iko wapi.

Mkasi wako huu hapa. Nimekusubiri upande nao juu pamoja nami, ukakate maganda yaliyokwisha kugeuka manjano, hayo tu, uyaweke kwenye chupa kwa mkono wako. Mungu akupe jicho la kutambua kilichokauka kwa kufa na kilichokauka kwa kukomaa. Akulinde na joto linalokuja, akukinge na wenye kikombe mkononi. Na siku utakayorudi kwenu, mvua ikikupokea uwanjani, ikukute na mbegu mfukoni.